Nimeandika "mtumwa" kwenye mwongozo wa pampu, nibadilishe au niache?

"Shikamoo mwalimu. Mi ni fundi nipo Dodoma mjini, kampuni yetu ndogo inafunga umwagiliaji kwenye mashamba ya zabibu na pampu za visima vya vijiji. Bosi kanipa kazi ya kuandika mwongozo kwa Kiswahili maana ule wa Kiingereza mafundi wa vijijini hawausomi. Kwenye datashiti (karatasi ya maelezo ya kifaa) kila ukurasa ni master na slave, yaani kifaa kinachoongoza na kinachofuata, nikaandika bwana na mtumwa. Tulipoenda kufundisha Mpwapwa mzee mmoja wa kamati ya maji akanyanyuka akasema kwenye kisima cha kijiji chake hataki kusikia habari za mtumwa, watu wakanyamaza kimya, niliona aibu sana. Kurudi ofisini nikamwambia bosi tubadilishe, akasema hayo ni mambo ya wazungu ya juzi juzi, halafu mtumwa maana yake ni anayetumwa tu, na tukigusa maneno mfumo utakufa. Wakati huohuo mteja wetu wa nje katuma barua pepe anataka maneno jumuishi, yasiyomdhalilisha mtu, kwenye nyaraka zote na msimbo wote (maandishi ya programu) kabla ya mwezi ujao. Nianzie wapi na nisiguse nini?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza vizuri maana umeuliza na kipi usiguse, wengi huwa hawaulizi hilo wanaingia tu na kubadilisha, kisha wananipigia simu usiku.

Nikikuelewa una mambo matatu yamegongana. Kuna mzee wa Mpwapwa ameumizwa na neno, kuna bosi anaogopa mfumo usife, na kuna mteja ana tarehe yake. Wote watatu wana hoja ya kweli ndani yake. Ngoja nianze na bosi wako maana yeye ndo atakayesaini.

Hili la kusema ni mambo ya juzi juzi sio sahihi. Mwaka 2003 kaunti ya Los Angeles kule Marekani iliwaandikia wauzaji wake wa vifaa ikiwaomba waangalie lebo za master na slave. Wale wa Django, zana ya kutengenezea tovuti, waliacha hayo maneno 2014, lugha ya programu ya Python wakafuata 2018, na mwaka huohuo databesi ya Redis toleo la 5 likaleta amri ya REPLICAOF huku ile ya zamani ikiachwa iendelee kufanya kazi. Julai 2020 kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta, ikaweka mwongozo wake, na mwezi huohuo shirika linalosimamia Modbus, yaani itifaki yenyewe, kanuni za vifaa kuongea, ambayo najua ndo inaendesha pampu zenu, likatangaza linatumia client na server. Oktoba 2021 kampuni ya chipu ya NXP wakatoa upya waraka wa I2C, njia ya chipu kuongea ndani ya bodi, wenyewe ndo warithi wa Philips walioianzisha 1982, na humo ndani master imekuwa controller, slave imekuwa target. Kwa hiyo ukinunua bodi mpya leo datashiti yake inaweza kuwa na majina mapya tayari, na fundi wako aliyezoea ya zamani atababaika. Yaani hata kama bosi hajali kabisa habari ya heshima, hili linamfuata kazini.

La pili, mtumwa ni anayetumwa. Kwa asili ya neno bosi yuko sahihi kabisa, limetoka kwenye kutuma. Lakini mtume nalo limetoka hukohuko, mtumishi pia limetoka hukohuko. Dodoma mji umejaa watumishi wa umma, nenda pale Mtumba kwenye mji wa Serikali asubuhi umwite mmoja wao mtumwa halafu umweleze habari ya asili ya neno, uone kama atakusikiliza. Neno linabeba maana ambayo watu wameishi nayo, na mtumwa kwa Kiswahili ni mtu aliyenunuliwa na kuuzwa, basi, hamna maana nyingine ya kwanza inayokuja kichwani.

Na we umeenda kulisema Mpwapwa! Sikulaumu, pengine hukuijua hii habari, shuleni tunaipita haraka. Njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo ilikatiza Ugogo, Kilimatinde na Mpwapwa ni vituo vyake vinavyojulikana, misafara ilipumzika hapo, ikanunua chakula, watemi wa Kigogo wakatoza hongo, yaani ushuru wa kupita. Sio wote waliopita walikuwa watumwa, wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru wanaolipwa, hilo tuliseme kwa haki. Ila minyororo nayo ilipita hapo. Na utumwa kisheria Tanganyika ulifutwa 1922, sio zamani kihivyo, mzee wa miaka themanini leo anaweza kuwa amelelewa na bibi aliyezaliwa wakati bado upo. Kwa hiyo usimchukulie kama mzee mkorofi wa mkutano, alikuwa anakwambia kitu kuhusu pale mlipokuwa mmesimama.

Sasa tuache hilo kidogo twende kwenye ufundi, manake mi naona hata asingesimama mtu yeyote, neno lako bado lingekuwa baya kwa sababu linamdanganya fundi.

Angalia Modbus kwenye waya wa RS-485. Mna nyaya mbili tu zinazopita kwenye vifaa vyote, invata ya pampu, kihisi cha kina cha maji, mita ya mtiririko, wote wako kwenye nyaya hizohizo na kila mmoja anasikia kila kitu. Wawili wakiongea kwa pamoja umeme unagongana na hamna anayeeleweka. Kwa hiyo ikawekwa kanuni, kifaa kimoja tu ndo kinaruhusiwa kuanzisha mazungumzo, wengine wote wanakaa kimya mpaka waitwe kwa namba. Namba ni 1 mpaka 247, na 0 ni tangazo kwa wote, hiyo haijibiwi. Ni kama mwalimu anaita mahudhurio darasani, namba 7, nipo, namba 8, nipo. Anayeita anauliza "namba 3, nipe thamani ya rejista fulani", namba 3 inajibu (rejista ni kama kisanduku chenye namba yake ndani ya kifaa, kinachotunza thamani). Ndo kazi yote hiyo. Hamna anayemilikiwa hapo, kuna anayeuliza na anayejibu. Na ukiandika hivyo fundi akikuta kifaa hakijibu anajua aanze kuangalia nini, je kimeulizwa? kimeulizwa kwa namba yake? spidi ni moja? waya A na B hazijapishana? Ukimwandikia "mtumwa hatii" atafikiri kifaa kimekufa, atakitupa.

Hapo kwenye Modbus kuna mtego mmoja. Kwa majina mapya ya Kiingereza kihisi chako kidogo ndo "server", kwa sababu yeye ndo mwenye data, na kompyuta inayouliza ndo "client". Kwa fundi wetu seva ni lile likompyuta kubwa la ofisini, kwa hiyo ukimwambia kihisi ni seva utamchanganya. Mi nakushauri kwa Kiswahili usitafute neno la kifahari, andika kifaa kinachouliza na kifaa kinachojibu. Ni marefu kidogo lakini hamna atakayekosea.

I2C ni hadithi nyingine. Pale kontrola ndo inatoa mapigo ya saa kwenye waya wa SCL na kuita anwani, ila kile kifaa cha upande wa pili kina uwezo wa kuushikilia ule waya chini na kumfanya kontrola asubiri mpaka kimalize kazi yake. Mtumwa gani huyo anayemsimamisha bwana? Na kontrola wanaweza kuwa wawili kwenye waya mmoja wakashindania nafasi. Wale mafundi kompyuta wa zamani wanakumbuka jampa, vile vipande vidogo vya kuchagua mpangilio, za nyuma ya hadi diski, hii master hii slave, kumbe ile diski ya pili haikuwa inaamrishwa na ya kwanza hata kidogo, zote zilikuwa zinaongozwa na kompyuta, na kiwango chenyewe kiliziita kifaa 0 na kifaa 1. Watu walipoteza masaa mengi kwa jina tu.

Kwenye databesi ndo neno linaharibu zaidi. Databesi kuu ikifa, ile nakala unaipandisha inakuwa kuu, dakika tano tu. Primary na replica, kuu na nakala, hapo maneno yanasema kinachotokea.

Kwa hiyo umeona, hamna neno moja jipya la kuchukua nafasi ya lile la zamani kila mahali. I2C ni controller na target, SPI, njia nyingine ya chipu kuongea, wengi wanasema controller na peripheral, Bluetooth ni central na peripheral, databesi ni primary na replica au source na replica. Nasisitiza hili kwa sababu mteja akisema "badilisha yote" kishawishi ni kufungua kompyuta, tafuta-na-badilisha, bonyeza, nenda kunywa chai.

Usifanye hivyo. Mi nilishafanya. Nilikuwa naangalia databesi za ofisi moja, kuna skripti ilikuwa inaichungulia nakala kila baada ya dakika chache kuhakikisha inafuata ile kuu. Nikasafisha maneno kwenye skripti zote kwa mkupuo, SHOW SLAVE STATUS ikawa SHOW REPLICA STATUS. Seva ilikuwa inatumia programu ya databesi MySQL 5.7, hiyo amri mpya haiijui, imeanza kueleweka toleo la 8.0.22. Skripti ikawa inapata kosa, na mi nilikuwa nimeiandika vibaya kwamba isipopata jibu inyamaze. Nakala ikasimama siku nyingi hamna aliyejua, tukagundua siku tulipoihitaji. Data za zile siku hazikurudi zote. Mpaka leo nikiona mtu anabadilisha maneno kwenye mfumo unaotembea namuuliza kwanza toleo gani.

Lakini mwambie bosi na upande wa pili, kwamba kutogusa nako kuna gharama. MySQL 8.4 iliyotoka 2024 imeziondoa zile amri za zamani kabisa, START SLAVE haipo, SHOW MASTER STATUS haipo. Siku mtakayopanda toleo skripti zenu za zamani zitalala hapohapo. Kwa hiyo hofu yake ya mfumo kufa ni ya kweli, ila inakuja kutoka pande zote mbili.

Njia ninayotumia sasa hivi ni kutenganisha maneno ya kusomwa na watu na maneno yanayosomwa na mashine. Maelezo kwenye mwongozo, picha, slaidi za mafunzo, komenti ndani ya msimbo, majina ya faili za mafunzo, hayo ni ya watu, badilisha leo, hamna kitakachokufa. Bosi aelewe hapa, ukiandika "kifaa kinachojibu" mahali pa "mtumwa", anwani 3 inabaki 3, ombi la kusoma rejista linabaki kazi namba 03, kwenye waya hamna hata biti moja iliyobadilika. Majina ya rejista kwenye datashiti, amri, majina ya faili za mipangilio, majina ya fankisheni za maktaba usiyoiandika we, hayo ni ya mashine na mengine sio mali yako, usiyaguse mpaka aliyeyaweka ayabadilishe. Hata Linux wenyewe wamefanya hivyo, mwongozo wao unazuia kuingiza maneno hayo ya zamani kwenye msimbo mpya, ila unaruhusu yabaki pale ambapo programu za watu zinayategemea au ambapo kiwango cha nje kinayalazimisha. Ukimwonyesha mteja kwamba unafuata msimamo wa kernel ya Linux sidhani kama atabisha. Katikati kuna msimbo wenu wenyewe mlioandika nyie, majina ya vigeu na fankisheni. Huo badilisheni taratibu, kipande kimoja kimoja, mnapima mezani, kisha mnapima kwenye kisima kimoja, kisha ndo vingine.

Mwanzoni mwa mwongozo weka jedwali la ukurasa mmoja. Neno lililochapwa kwenye kifaa au datashiti, neno jipya la Kiingereza, na neno letu. Usilifute la zamani humo. Fundi yuko peke yake Kibakwe huko, simu ina bando kidogo, anatafuta msaada mtandaoni na maelezo mengi aliyoyakuta yameandikwa na majina ya zamani, ukimnyima hayo majina umemfungia mlango. Mi naona hapo ndo watu wa maneno jumuishi wengi wanakosea, wanasafisha mpaka njia ya kutafutia inapotea.

SPI nayo uiangalie kwa makini. Bodi nyingi zimechapwa MOSI na MISO, majina ya pini ambayo M yake ni master na S yake ni slave. Chama cha hadiwea huria, OSHWA, kilipendekeza COPI na CIPO, Texas Instruments wao wanaandika PICO na POCI, wengine wanaandika SDO na SDI. Zile jozi mbili za kwanza ni salama kwa sababu unaunganisha jina na jina lake kama ilivyokuwa MOSI kwa MOSI. Ila SDO ya huku inaenda SDI ya kule, fundi aliyezoea jina kwa jina ataunganisha SDO na SDO na data haitapita. Kwa hiyo kwenye mwongozo andika "pini iliyochapwa MOSI" kama ndo imechapwa hivyo, halafu eleza hiyo pini inatoa data kutoka kontrola kwenda kwenye kihisi. Pini haibadiliki jina kwa sababu we umebadilika.

Mengine haraka haraka. Orodha nyeusi na orodha nyeupe, yaani blacklist na whitelist, kwa Kiswahili zilikuwa tafsiri mbovu tangu mwanzo, andika orodha ya waliozuiwa na orodha ya walioruhusiwa, mtu anaelewa bila kuuliza. Viunganishi vya "kiume" na "kike" andika plagi na soketi, au upande wenye pini na upande wenye matundu. Tawi la "master" kwenye Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, hapo sina moto sana, Git haina tawi linaloitwa slave. GitHub walianza kuita tawi la kwanza main kwa miradi mipya tangu Oktoba 2020 na Git yenyewe toleo 2.28 ilileta mpangilio wa kuchagua jina. Miradi yenu mipya iiteni main, ya zamani mbadilishe tu kama mna muda wa kurekebisha skripti zote zinazoita lile jina. Habari ya he na she achana nayo, kwa Kiswahili fundi "anafungua boksi", awe mwanamke au mwanaume, hiyo shida hatuna, mshukuru lugha yako. Ila "bwana" ulilotumia linaiingiza tena kwa mlango wa nyuma, kwetu bwana ni mume pia, sasa fundi wa kike asome bwana anamwamuru nani?

Kuna sehemu mteja hajakutajia lakini nakuomba usiiache. Maneno ya watu. Miongozo mingi yetu inaandika "walemavu", "vipofu", "albino". Sheria yetu Na. 9 ya 2010 inasema watu wenye ulemavu, na chama cha hao wanaoitwa albino kinajiita cha watu wenye ualbino. Wasioona wanajiita wasioona. Lakini viziwi wenyewe wanajiita viziwi, chama chao ni Chama cha Viziwi Tanzania, kwa hiyo usijitungie neno la upole kwa niaba yao, waulize wenyewe. Na ukishaandika vizuri hakikisha huo mwongozo una maandishi halisi, sio picha za kurasa zilizoskaniwa, ili programu ya kusoma kwa sauti iweze kuusoma. Hapo Chamwino tuna shule ya wasioona ya Buigiri, wanaosoma pale ndo watakaokuja kukaa kwenye kamati za maji kesho.

Mambo ambayo usiyamalize kwa barua pepe wala kwa kunisoma mimi. Kama mkataba wenu na mteja unataja kiwango maalum, kaeni na injinia wake mezani mkubaliane nyaraka inataja toleo lipi la kiwango, maana ukiandika majina ya toleo jipya kwenye kifaa cha toleo la zamani mkaguzi atakurudisha. Istilahi zako za Kiswahili ukitaka zitumike mbali zaidi ya kampuni yenu zipelekeni BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ndo kazi yao hiyo. Na sehemu yoyote ya mwongozo inayogusa umeme wa fezi tatu au swichi ya kuzima dharura, usibadilishe hata neno moja bila fundi umeme mwenye leseni kusimama na we mbele ya paneli, kila lebo mkaisoma na kuigusa kwa kidole. Visima vya vijiji washirikisheni RUWASA, wakala wa maji vijijini, wa wilaya kabla ya kupandisha msimbo mpya, kijiji kikikosa maji siku mbili hawatauliza mlikuwa mnabadilisha nini.

Ukimaliza rasimu mpe fundi ambaye hakuwepo mnaandika, aunganishe mfumo mezani kwa kusoma tu, we kaa kimya, pale anaposita ndo pa kurekebisha. Halafu rudi Mpwapwa na nakala mpya, mwone yule mzee kwanza kabla ya mkutano, umwonyeshe ukurasa. Na kusanya zile nakala za zamani zote mlizogawa, hata zilizobandikwa kwenye kibanda cha pampu. Miongozo miwili yenye majina tofauti kwenye pampu moja, usiku, na fundi ana tochi ya simu, hapo ndo mtu anafungua waya ambao haukupaswa kufunguliwa.